Bao la Mirambo

Alasiri, jua linapopungua ukali, sisi wastaafu wa hapa Mpanda hukutana chini ya mwembe kucheza bao. Mashimo ni yale yale 32, na kete ni zile zile 64, lakini mabishano hayaishi. Siku moja mwenzangu aliniachia kete katika shimo la mbele. Niliziona, nikazila kwa furaha, nikasambaza mpaka nikalala. Zamu yake ilipofika alinifagia upande mzima. "Mwalimu," akaniambia, "umeshiba vibaya."

Maneno hayo yalinirudisha katika somo nililolifundisha miaka mingi chuoni, kabla sijawa mkuu wa chuo: vita ya Mirambo na Waarabu wa Tabora, mwaka 1871.

Mirambo alikuwa mtemi wa Uyowa aliyekuwa akipanua utawala wake upande wa magharibi wa Tabora. Njia ya misafara ya kwenda Ujiji ilipita huko, naye alitaka ushuru wake na heshima yake. Waarabu wa Tabora, pamoja na Mtemi Mkasiwa wa Unyanyembe, walitaka njia iwe wazi kwa masharti yao. Mirambo alipoifunga njia, waliamua kumpiga. Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alikuwa amefika Tabora akiwa safarini kumtafuta Livingstone. Naye akajiunga nao, kwa sababu njia aliyoihitaji ilikuwa imefungwa.

Mwanzoni mwa Agosti, jeshi la watu wapatao elfu mbili liliteka kijiji cha Zimbizo. Kisha kijana mmoja, Soud bin Sayd, akachukua watu kama mia tano kwenda kuivamia Ulyankulu, mojawapo ya ngome za Mirambo. Waliingia, wakashinda. Kwa maelezo ya Stanley walipata pembe za ndovu zaidi ya mia moja, mitumba 60 ya nguo, na mateka kati ya mia mbili na mia tatu. Lakini Mirambo alikwisha kutoka na watu wake. Wakati washindi wanagawana nyara, yeye alikuwa akiwapanga rugaruga wake katika nyasi ndefu, kushoto na kulia kwa njia ya kurudia. Soud na wenzake walipopita wamelemewa na mizigo, walizingirwa pande zote mbili. Soud aliuawa pamoja na Waarabu aliokuwa nao. Habari ilipofika Zimbizo jeshi zima lilikimbilia Mfuto, na Stanley, aliyekuwa mgonjwa wa homa, akaondoka juu ya punda. Tarehe 22 Agosti Mirambo aliivamia Tabora yenyewe na kuchoma sehemu ya mji. Khamis bin Abdullah, aliyetoka kumkabili, aliuawa siku hiyo.

Ubaoni nilikuwa nachora mishale: huu wa Soud, hii miwili ya Mirambo. Niliwaeleza wanachuo kwamba mbinu za kuvizia na za mwendo wa haraka zilikuwa zimeenea kutoka kwa Wangoni, waliojulikana huku kwa jina la Watuta. Yote hayo ni sahihi. Lakini kilichompa Mirambo ushindi hakikuwa nyasi peke yake. Nyasi zilikuwepo pia wakati jeshi linakwenda. Tofauti ni kwamba wakati wa kurudi kila mtu alikuwa na kitu cha kupoteza. Mirambo aliisoma tamaa ya adui kama tunavyosoma kete. Alijua kwamba aliyepata pembe hataziacha, hatapita porini, wala hatakuwa na mkono mtupu wa kushika bunduki.

Siku moja, nilipokuwa nafuta ubao, mwanachuo mmoja wa kike, mtoto wa Ukonongo, alinyoosha mkono. "Mwalimu," aliuliza, "wale mateka wana mshale gani?"

Darasa lilicheka. Nami nikacheka, nikamwambia kwamba hilo haliulizwi katika mtihani, nikaendelea kufuta. Nimefundisha watu wengi kufundisha, na katika kazi hiyo hakuna jibu ninalolionea haya kuliko hilo.

Maana binti yule alikuwa ameona nilichokuwa sikioni. Nilieleza kwa nini Mirambo alipigana, kwa nini Waarabu walipigana, na kwa nini mzungu aliingia vita isiyokuwa yake. Lakini mamia ya watu niliwasoma kama Stanley alivyowaandika, katika orodha moja na pembe na mitumba ya nguo. Niliwafanya kete. Kete haina mama, wala haisikii usiku bunduki zikilia ikiwa imefungwa kamba.

Tena yeye alikuwa na haki ya kuuliza kuliko sisi sote. Njia ya magharibi ilipofungwa, Stanley aliondoka Tabora tarehe 20 Septemba akazunguka kusini, akapita Ukonongo, katika nchi hii ambayo leo ni Mkoa wa Katavi, ndipo akafika Ujiji mwezi Novemba. Mwanzoni mwa 1872 alipita tena huku akirudi Tabora, safari hii pamoja na Livingstone. Vita ya Ulyankulu haikuwa mbali na babu zetu. Iliigeuza njia ikapita katika nchi yao.

Mwaka 1876 Stanley alikutana na Mirambo uso kwa uso, wakachanjiana damu, na akashangaa kumkuta mtu mpole, mwenye sauti ya chini. Kumbe hata hodari yule hakuwa kama alivyochorwa. Alikufa mwaka 1884, na jina lake limebaki katika mji wa Urambo, ambao tunaupita kwa treni tukishatoka Kaliua kwenda Tabora.

Ndugu msomaji, ikiwa wewe ni mwalimu kijana, chora mishale, maana mbinu za vita ni elimu. Lakini kabla hujafuta ubao, waulize wanafunzi wako ni nani aliyebeba zile pembe kutoka Ulyankulu, na alikuwa na haraka ya kufika wapi. Mimi niliulizwa swali hilo bure, na mwanafunzi wangu mwenyewe, nikalicheka.