Skafu ya mabaki ya vitenge: ishone mwenyewe hatua kwa hatua

Ukifika kwenye kibaraza cha fundi cherehani, iwe Tunduma mjini, Vwawa au Itumba, chini ya meza hukosi mfuko wa mabaki ya vitambaa. Mengi huishia kufutia mafuta ya mashine au kuwashia jiko. Lakini kitambaa hicho kuna mtu alishakilipia. Vipande kumi vinatosha kutoa skafu nzima, na baridi ya Juni na Julai inapobana Mbozi na Ileje, skafu si pambo tu.

Tumeweka hatua zote hapa ili uzifuate taratibu, simu ikiwa pembeni.

Kuunga vitambaa si jambo geni

Inasimuliwa kwamba kanga yenyewe ilianza hivyo. Mwishoni mwa karne ya 19, wanawake wa Zanzibar na pwani walinunua leso zilizouzwa zikiwa zimeungana, wakazishona sita pamoja, tatu juu na tatu chini, wakapata vazi moja pana. Baadaye wafanyabiashara wakaanza kuagiza kitambaa kizima chenye upana huo. Kwa hiyo usione haya kuvaa vipande vilivyoungwa. Cha msingi viungwe vizuri.

Pata vipande kwanza

Ukipeleka kitenge chako kwa fundi, mwambie kabla hajakata kwamba mabaki utayachukua. Kama unataka ya wateja wengine, muulize fundi, mkubaliane bure au kwa bei.

Chagua vitambaa vyenye uzito unaofanana. Kitenge cha pamba na kitenge cha pamba huelewana. Ukikiunga na kitambaa kinachovutika kama cha fulana, mshono utajikunja.

Vifaa

Mkasi, sindano, uzi, pini, chaki au kipande cha sabuni kikavu cha kuchorea, futi kamba, pasi na boksi gumu. Cherehani ikiwepo ni vizuri, isipokuwepo utashona kwa mkono.

Hatua

1. Fua vipande vyote kabla ya kukata. Kitambaa kipya huweza kusinyaa au kuchuja rangi. Kandamiza kila kipande kikiwa kibichi kwenye kitambaa cheupe. Kikiacha rangi, kifue tena peke yake. Kikiendelea kuchuja, kiweke kando.

2. Kata kiolezo cha boksi chenye sentimita 17 kwa 20. Vipande vyote vipimwe kwa kiolezo hicho hicho, maana vikitofautiana skafu itapinda.

3. Kata vipande 10, ukifuata uelekeo wa nyuzi za kitambaa. Kilichokatwa kimshazari huvutika. Baki likiwa dogo, unga mawili kwanza, kisha ulipime.

4. Vipange juu ya mkeka mpaka rangi zikupendeze. Piga picha kwa simu ili usisahau mpangilio.

5. Chukua vipande viwili, uso kwa uso, ukutanishe pande za sentimita 20. Shona sentimita 1 kutoka ukingoni. Endelea hivyo mpaka vyote viungane. Kila mshono unakula sentimita 2, na mishono ni 9, hivyo sentimita 170 zinabaki 152. Piga pasi kila mshono ulale.

6. Kata kitambaa cha nyuma chenye sentimita 152 kwa 20. Shuka la pamba lililochakaa linafaa, kwa kuwa mara nyingi huisha katikati na pembeni hubaki imara.

7. Laza vitambaa viwili uso kwa uso, ubane kwa pini. Shona kuzunguka pande zote, sentimita 1 kutoka ukingoni, ukiacha mlango wa sentimita 10 katikati ya upande mrefu.

8. Punguza ncha za kona nne bila kugusa mshono. Pindua skafu kupitia mlangoni, sukuma kona kwa kijiti butu, piga pasi, kisha ziba mlango kwa mkono.

Utapata skafu yenye urefu wa sentimita 150 na upana wa sentimita 18.

Kama huna cherehani

Shona kwa hatua fupi, na kila unapopitisha sindano mbele, irudishe nyuma kidogo kabla ya kuendelea. Mshono wa namna hii haufumuki upesi kama ule wa kwenda mbele tu. Anza na malizia kwa fundo.

Ukitaka kuuza

Usiseme kitambaa ni cha bure, basi chochote ni faida. Andika gharama ya uzi, kitambaa cha nyuma, mkaa au umeme wa pasi, na saa ulizokaa. Shona moja kwanza, uifue mara mbili. Mshono ukifumuka, rekebisha kabla hujashona ya pili, kwa sababu mteja aliyefumukiwa harudi.

Usalama

Kwa wanaopanda bodaboda: ingiza ncha zote za skafu ndani ya jaketi na ufunge zipu. Ncha inayopepea inaweza kunaswa na tairi au mnyororo na kumkaba aliyeivaa. Mtoto mchanga asilale na skafu shingoni. Na mtu anayepika kwenye moto wa kuni aivue kwanza, aitundike mbali na jiko.