Jina la Aliyeusuka

Nilifika Mafia na maswali kumi na saba na fomu moja. Fomu ilitoka chuoni: kila nitakayemhoji kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili katika historia alipaswa kuisaini, na kifungu kimoja kilimwahidi kwamba jina lake halitatajwa popote. Nilikisoma tena ndani ya boti kutoka Nyamisati kwenda Kilindoni, nikaona ni kifungu cha haki.

Siku ya tatu nilipelekwa kwa bibi mmoja anayesuka mikeka. Nilimkuta barazani, miguu ameinyoosha, ukili umejikunja ubavuni mwake. Nilikuwa na haja mbili: kumhoji, na kununua mkeka wa kumpelekea mama yangu.

"Mkeka wa nini?" aliuliza baada ya kuitikia shikamoo yangu. "Wa kuswalia, wa kulalia, au wa kutandikia wageni?"

Sikujua.

"Basi mpigie umuulize, mwanangu. Mimi simsukii mtu nisiyejua anakaa vipi."

Nikampigia. Mama alicheka, akasema anataka wa kukalia uani jioni. Bibi akaridhika, na kazi ikaanza.

Majani machanga ya mkindu hukatwa na kuanikwa mpaka yawe meupe, kisha mengine huchemshwa kwa rangi. Huchanwa kuwa chane nyembamba, na chane husukwa kuwa ukili, utepe mrefu wenye upana wa vidole vichache. Ukili ndio kazi ya kila siku: mtu husuka huku anazungumza, anaangalia chungu jikoni, anasubiri mvua ikatike. Mwisho kabisa ukili hushonwa ukingo kwa ukingo, na hapo ndipo mkeka unapoonekana. Kwa wiki mbili nilizokaa, mkeka wa mama ulikuwa bado ni ukili.

Saa nyingine nilizunguka kutazama historia niliyofundishwa darasani. Historia ya Mafia tunayoisoma ni ya mawe na nazi. Mawe ni magofu ya Kua katika kisiwa cha Juani, mji uliovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Nazi ni mashamba ya Waomani wa karne hiyohiyo, yaliyotegemea jasho la watumwa. Kisha wakaja Wajerumani mwaka 1890, na Waingereza waliokiteka kisiwa Januari 1915. Mawe yamebaki yalipo. Nazi ziliingia kwenye madaftari kwa sababu mbata iliuzwa ng'ambo. Mkeka huchakaa, ukaoza, na mtu akasuka mwingine.

Lakini jaribu kuitoa kazi ya mikono hii katika historia ya pwani, uone kitakachobaki. Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unataja kisiwa kiitwacho Menouthias, chenye mashua za kushonwa na watu wanaovua kwa vikapu vya kusuka. Wanahistoria wanabishana kama ni Pemba, Unguja au Mafia. Mimi sina la kuwaamulia, ila madema ya kusuka bado yanazamishwa katika maji ya Mafia. Baadaye tuna mtepe, chombo maarufu cha pwani hii kilichodumu mpaka karne ya 20. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka. Yaani upepo wa kaskazi na wa kusi ulikamatwa na kitu kilichosukwa chane kwa chane. Vitabu vinamtaja sultani, mfanyabiashara na nahodha. Aliyesuka tanga hayumo.

Nilimsimulia Bibi habari hiyo nikidhani nimemletea jambo jipya.

"Ulifikiri walitweka nini?" akasema. "Shuka?"

Nikamweleza pia kuhusu vikapu na mikeka ya pwani yetu iliyochukuliwa wakati wa ukoloni na kuwekwa katika makumbusho za Ulaya. Mara nyingi kumbukumbu zake zina jina la aliyekusanya, mahali na mwaka. Aliyetengeneza ni "Mswahili", basi. Nililisema hilo kwa uchungu. Kisha nikatoa fomu, nikamsomea. Nilipofika kwenye kifungu cha jina, akanyanyua mkono.

"Yaani utaandika kazi yangu, usiniandike mimi?"

"Ni kwa ajili ya kukulinda, Bibi."

"Kunilinda na nani?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea kusuka, akaniambia kwamba wachuuzi hununua kwake, wakauza mjini kama "mikeka ya Mafia". "Mafia ni kisiwa, mwanangu. Hakina vidole."

Kifungu kile hakikuandikwa na wajinga. Kuna watu waliodhurika kwa kutajwa katika utafiti, na mwenye siri anastahili kufichwa. Lakini kwa fundi, jina ni sehemu ya ujira wake. Mimi niliyewalaumu watu wa makumbusho nilikuwa nimebeba mkobani karatasi inayofanya kazi ileile, tena kwa muhuri wa chuo.

Nilimuuliza angeutambuaje mkeka wake sokoni. Akanionyesha ukingo wa mkeka aliokuwa ameukalia: ncha za chane zimekunjwa ndani mara mbili, kama mama yake alivyomfunza.

Fomu hakuisaini. Nimemwandikia msimamizi wangu kuomba kifungu kingine, ambapo mtu achague mwenyewe kutajwa au kufichwa. Nimejibiwa kwamba kamati italijadili. Haya niliyosimulia hapa nimesimulia kwa ruhusa yake, ila aliniagiza kwamba jina lake litoke kwanza kwenye kitabu cha chuo, si kwenye simu za watu. Ninangoja.

Mkeka ulifika Dar es Salaam miezi miwili baadaye, umeviringishwa na kufungwa kwa kamba ya makumbi. Mama aliutandika uani, akaketi, akapitisha kidole kwenye ukingo.

"Nani kausuka?"

Nikamwambia. Akalirudia jina lile mara mbili, taratibu, lisije likamtoka.