Kodi Iliyohama: Kutoka Mlango wa Nyumba hadi Kituo cha Mafuta

Katika kujifunza Kiswahili utakutana na maneno ambayo kamusi huyaweka jirani: kodi, ushuru, tozo na ada. Usiyachanganye. Ushuru limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu moja ya kumi, nalo lilikuwa neno la forodhani, ambako mwenye jahazi alikatwa fungu katika shehena yake. Kodi iliwafuata watu majumbani. Tozo, lililozaliwa na kitenzi kutoza, siku hizi husikika zaidi panapotajwa mafuta na barabara. Ukiyapanga hivyo utaona mahali serikali iliposimama kupokea fedha, zama baada ya zama. Tufuate safari hiyo katika nchi tatu jirani: Tanzania, Kenya na Uganda.

Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897 katika eneo ambalo sasa ni Tanzania Bara. Uganda, Mkataba wa 1900 baina ya Waingereza na watawala wa Buganda uliweka rupia 3 kwa kila nyumba, na rupia 3 nyingine kwa mwenye bunduki. Katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya kodi ya nyumba ilianza 1901, na mwaka 1910 ikafuata kodi ya kichwa, ili mwanamume asiyekuwa na nyumba yake naye asiponyoke. Mkulima aliyekuwa na mtama ghalani na mbuzi zizini hakuwa na rupia. Ili aipate ilimbidi auze mazao au aende kufanya kazi katika shamba la mzungu. Hilo halikutokea kwa bahati mbaya, maana watawala walitaka vibarua kama walivyotaka fedha. Watu nao walikuwa na akili zao: wakajibana wengi katika nyumba moja, ili nyumba za kuhesabiwa zipungue.

Ukoloni uliondoka, kodi ya kichwa ikabaki, japo kwa majina mengine. Tanzania iliiita kodi ya maendeleo, ikaifuta mwaka 2003. Uganda ilisitisha ya kwake mwaka 2005. Ilikuwa kodi iliyochukiwa sana, kwa kuwa ilikuwa na uso: mgambo alikuja alfajiri, na asiye na stakabadhi alikimbilia porini. Ilipofutwa watu walishangilia, nami siwalaumu. Hata hivyo halmashauri zilipoteza fedha zilizokuwa mkononi mwao, zikazidi kuitegemea serikali kuu. Nasi tuliokuwa tukimfahamu mtoza kodi kwa sura tulianza kulipa bila kumwona.

Huku barabarani mambo yalikwenda namna hiyo hiyo. Katika miaka ya 1980 Kenya iliweka vizuizi katika barabara kuu, dereva akisimama na kulipa kabla ya kupita; pale Gilgil jina la kizuizi limedumu kuliko kizuizi chenyewe. Sheria ya mwaka 1993 ilileta mfuko wa matengenezo ya barabara, unaojazwa na tozo iliyomo ndani ya bei ya kila lita. Tanzania nayo hutoza mafuta kwa ajili ya barabara, na mwaka 2017 ilikwenda hatua zaidi: ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na badala yake ikaongeza shilingi 40 katika kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa.

Hoja ya serikali ilikuwa nyepesi kueleweka. Anayetembea sana barabarani anunue mafuta mengi, alipe zaidi. Aliyeegesha gari asisumbuliwe. Lakini jiulize, msomaji, dizeli hutumika wapi kwingine? Mashine ya kusaga unga kijijini huila. Mafuta ya taa je, ni gari gani huyanywa? Mama aliyenunua chupa moja kwa ajili ya koroboi aliongezewa mzigo katika siku ambayo mwenye gari alipunguziwa ada.

Mafuta ya taa yana historia yake ya uchungu. Kwa kuwa yalitozwa kidogo kwa ajili ya maskini, wafanyabiashara wasio waaminifu waliyachanganya na dizeli na petroli wakajipatia faida, na ndipo neno uchakachuaji likaenea Tanzania nzima. Mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita, ili mchanganyiko usiwe na faida tena. Miaka saba baadaye Kenya ilifuata njia hiyo hiyo kwa tozo ya shilingi 18 za Kenya kwa lita. Dawa ilifanya kazi, lakini aliyeinywa hakuwa mgonjwa.

Sasa tazama majimbo na mipaka. Tanzania, EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, mji kwa mji, na bei hupanda kadiri lori linavyoiacha bandari. Kenya hufanya vivyo hivyo kupitia EPRA: Mombasa hulipa kidogo kuliko Nairobi, na Mandera, mbali na bomba la mafuta, iko miongoni mwa miji inayolipa zaidi. Tozo ya serikali ni ile ile kwa wote. Kinachozidi ni umbali. Tofauti za sera hukutana mpakani, kwani Kenya ilipandisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023, ilhali Tanzania imeisamehe bidhaa hiyo kodi ya namna hiyo. Nauli nazo zina wenyewe: Tanzania, LATRA huweka kiwango cha juu kwa mabasi na daladala, Kenya, matatu hupandisha nauli mvua ikinyesha, na abiria hana pa kushtaki.

Uganda haina bei kikomo, wala bahari. Januari 2022 madereva wa malori walikwama kwenye foleni ndefu Malaba na Busia wakilalamikia upimaji wa Uviko, na mafuta yakaadimika. Katika baadhi ya miji lita moja ya petroli ilifika shilingi 10,000 za Uganda na zaidi, karibu mara mbili ya bei ya kawaida, ingawa ushuru haukuongezwa hata senti. Bodaboda walipandisha nauli siku hiyo hiyo.