Mlima Uliohesabiwa kwa Vizazi

Bibi yangu hajui mwaka aliozaliwa mama yake. Anachojua ni kwamba alizaliwa wakati mahindi yanachomwa moto yangali shambani. Nilipokuwa kidato cha pili nilimwambia, kwa kiburi cha mtoto aliyetoka kujifunza neno “ushahidi”, kwamba hiyo si tarehe. “Historia inataka mwaka, bibi.” Alinitazama kidogo, akaendelea kupeta mahindi yake. Hakunisimulia tena.

Miaka kumi na minne baadaye nilisimama juu ya jiwe jeusi katikati ya migomba ya Rungwe, maneno yale yakanirudia.

Tulikuwa wanne ndani ya gari dogo la kuazima. Mmoja anafundisha jiografia, tunamwita Mwalimu. Mwingine ni mwenyeji wa Tukuyu, ndiye aliyetushawishi kwenda. Wa tatu aliendesha na kulalamika. Tuliondoka Peramiho alfajiri, mwezi Julai, tukapita Songea mji bado umelala, tukashika barabara ya Njombe. Kuanzia Madaba ukungu ulikaa juu ya kioo kama shuka. Njombe tulikunywa chai tukiwa tumevaa makoti, Makambako tukaingia barabara kuu ya Zambia, na mchana tukafika Uyole, tukakata kushoto kwenda Tukuyu. Hapo udongo ukabadilika. Ukawa mweusi, laini, wenye rutuba kiasi kwamba migomba, chai, viazi na kahawa vinagombania nafasi.

“Huu udongo ni majivu,” Mwalimu alisema. “Mnaendesha juu ya jivu la volkano.”

Sisi watoto wa Peramiho tumekulia kwenye karatasi. Misheni ya Wabenedikto ilianza mwaka 1898, na tangu utotoni tumezungukwa na vitu vyenye mwaka wake: kanisa la abasia, hospitali, kiwanda cha uchapaji ambacho vitabu vyake vimefika nchi nzima. Hata Majimaji tuliisoma kwa tarehe. Julai 1905, vita vyaanza Umatumbi. Septemba 1905, wapiganaji wa Kingoni wachoma misheni ya Peramiho. Tarehe 27 Februari 1906, wapiganaji wanyongwa Songea kwa pamoja na kuzikwa katika kaburi moja. Ukikulia mahali kama hapo ni rahisi kuamini kwamba kabla ya daftari la ubatizo hapakuwa na historia, palikuwa na hadithi tu.

Siku ya pili tulipanda Ngozi. Njia inapita ndani ya msitu wa mianzi na matope, na dereva wetu aliteleza mara tatu kabla hatujafika ukingoni. Chini yetu, ndani ya kasoko, ziwa la kijani lilikuwa kimya, limezungukwa na kuta za msitu. Urefu wake ni kilomita mbili na nusu hivi. Mwalimu alitueleza kwamba kasoko kubwa kama ile hutokea mlima unapojitapika mpaka ukabaki mtupu ndani, kisha kilele kinaporomoka na kuingia kwenye shimo lake chenyewe. Baadaye tulitazama Daraja la Mungu, mahali ambapo mto Kiwira umepenya chini ya mwamba wa lava na kuacha tao ambalo watu huvuka. Tulipiga picha nyingi. Tulikuwa watalii tu, bado.

Ziwa Masoko ndilo lililoanza kunichokonoa. Ni duara la maji lililo ndani ya shimo la mlipuko, na kando yake limesimama jengo la mawe la Wajerumani. Wenyeji watakusimulia kwamba vita ya kwanza ya dunia ilipowalemea, askari wa Kijerumani walitupa fedha na silaha humo majini, na kwamba sarafu zimewahi kuokotwa ufukweni. Mwalimu alisema kuna akiba nyingine kule chini. Watafiti walitoboa tope la kitako cha ziwa, wakatoa nguzo ndefu ya udongo yenye kumbukumbu ya takriban miaka 45,000: miaka ya mvua, miaka ya ukame, na kila mara mlima wa jirani ulipolipuka, tabaka la majivu.

“Kwa hiyo tope linajua kusoma na kuandika,” dereva alitania.

“Linajua kutunza,” Mwalimu alijibu.

Siku ya tatu tulikwenda upande wa Kyejo, volkano iliyo kusini ya mlima Rungwe. Mwenyeji wetu alitupeleka kwa mzee mmoja, rafiki wa marehemu babu yake. Tuliamkia, tukakaribishwa, tukaketi juu ya mawe meusi yenye vitundu, mazito, ambayo hayafanani na mawe mengine ya kijiji. Tulimuuliza yametoka wapi. Alinyoosha mkono mlimani. “Yalishuka. Wazee wetu waliyaona yakishuka.” Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole: baba yake, babu yake, baba wa babu yake, akaendelea mpaka kwa yule aliyekimbia.

Nilitabasamu kwa adabu. Mwalimu hakutabasamu, alikuwa anaandika. Tulipokuwa tunarudi kwenye gari aliniambia jambo nililopaswa kulijua. Mlipuko wa mwisho wa Kyejo, uliomwaga mto wa lava kwa kilomita kadhaa, huwekwa na wanajiolojia karibu na mwaka 1800. Namba hiyo haikutoka kwenye maabara. Hakukuwa na mmisionari wa kuandika, wala msafiri wa kuchora. Ilitoka kwa wazee wa huku, waliohesabu vizazi vyao nyuma hadi siku ile, na wanasayansi wakaichukua hesabu hiyo na kuiweka vitabuni.

“Unaona?” alisema. “Ukisoma orodha ya volkano za dunia, ukakuta Kyejo na mwaka wake, unasoma masimulizi ya mababu. Yamevaa tu koti la kisayansi.”

Nikakumbuka kwamba sisi Wangoni tuna jambo kama hilo. Simulizi ya safari yetu kutoka kusini inasema kwamba siku Zwangendaba na watu wake wanavuka mto Zambezi, jua lilizimika mchana. Wenye elimu ya nyota wakapiga hesabu ya kupatwa kwa jua, na tarehe inayotajwa zaidi leo ni 20 Novemba 1835. Hakuna aliyekuwa na kalenda kwenye kingo za mto ule. Walikuwa na jua, wakalitunza mdomoni mpaka alipopatikana mtu wa kulisoma.

Ndipo mahindi ya bibi yakaniwakia kichwani.

Nilikuwa nimesoma, tena mara nyingi, kwamba Wajerumani walipochoka kuwakimbiza wapiganaji wa Majimaji maporini, walichoma mashamba na maghala ili njaa imalize kazi. Waliokufa, wengi wao kwa njaa, hukadiriwa kufika laki mbili hadi tatu. Niliijibu hiyo kwenye mtihani. Lakini sikuwahi kuiunganisha na mwanamke aliyejifungua huku mahindi yakiungua shambani. Bibi alikuwa amenipa mwaka: 1906, au miezi michache kabla yake. Alinipa na kisa cha kifo cha laki tatu kwa kipimo cha shamba moja. Mimi nikamdai namba.

Kituo chetu cha mwisho kilikuwa chemchemi za maji moto za bonde la Mbaka. Ukisogea, mvuke unakugusa uso kabla hujaona maji. Serikali inatafuta umeme huko. Kampuni ya jotoardhi iliyoundwa mwaka 2013 imechimba visima vya utafiti eneo la Kiejo-Mbaka, na matumaini ni kufanya walichofanya Wakenya Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umeanza kuwasha taa tangu mwaka 1981. Mwalimu alieleza mambo ya ufa wa ardhi, maji ya mvua yanayozama, mwamba unaoyachemsha. Nilisikia nusu. Nilikuwa nafikiria kwamba mlima uliotulia kwa miaka mia mbili bado una moto chini, na kwamba anayejua ni aliye tayari kuinama na kuweka mkono.

Tulirudi Peramiho usiku. Asubuhi nilikwenda kwa bibi, nikamwamkia, nikaweka simu kwenye mkeka na kuwasha kinasa sauti. Nilimwomba anihesabie majina ya ukoo wa baba yake. Zamani yalikuwa matano. La mwisho lilikuwa la mtoto aliyevushwa mto mkubwa mgongoni mwa mama yake siku jua lilipozimika.

“Si ulisema hayana mwaka?” aliuliza.

“Nisamehe, bibi. Yanao.”

Akaanza. Alitaja la baba yake. Alitaja la babu yake. Akanyamaza muda mrefu, vidole vikitembea juu ya kanga kama vinatafuta sindano. Kisha akaruka, akataja lile la mwisho, la mtoto wa mtoni.

“Katikati walikuwapo wawili,” alisema. “Nilikuwa nawajua.”

Kwenye simu ninayo dakika arobaini na moja. Majina matatu, mahindi yanayoungua, mto, na ule ukimya. Nimeandika tarehe ya siku hiyo juu ya faili. Mawili hayo sina pa kuyachimba.