Binti wa Kibohora: Uso Bila Jina

Ofisi nyingi hapa Mtumba zina picha ya kiongozi ukutani, na jina lake kila mtu analijua. Leo tutazame picha nyingine, ya kwetu Unguja.

Irma Stern alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1894, akasomea uchoraji Ujerumani. Huko alifuatana na Max Pechstein, mmoja wa wachoraji waliotaka rangi ioneshe hisia, si sura tu. Alikuja Zanzibar mwaka 1939, akarudi 1945. Safari ya pili ndipo alipochora "Bahora Girl", yaani binti wa Kibohora. Picha zake kadhaa za Zanzibar alizitia fremu za mbao za nakshi za huku kwetu.

Mwaka 2010 picha hiyo iliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 2. Jina la mchoraji limo katika historia ya sanaa. Binti ametajwa kwa jamii yake tu, ilhali ndiye aliyekaa akatazamwa.

Basi dada, picha za bibi zetu zilizomo sandukuni tuzigeuze, tuandike majina nyuma, maadamu wapo wa kututajia.