Maumivu ya Kiuno Yashukayo Mguuni

Hapa Kindu twaijua sana taabu hii. Wapakuzi wa mizigo penye Lualaba na wasukuma baiskeli huumwa kiuno, kisha maumivu yashuka pajani hata wayo. Mwaka 1764 Domenico Cotugno, mganga wa Naples, aliandika kwamba shina lake laweza kuwa katika mshipa wa fahamu, wala si katika nyonga tu. Mwaka 1934 Mixter na Barr wa Boston walionyesha kwamba kile kipande laini kilicho kati ya pingili za mgongo chaweza kutokeza na kuubana mshipa huo.

Dawa ilikuwa kulala majuma mengi. Na shamba alilime nani?

Mwaka 1956 huko New Zealand, Robin McKenzie, aliyetibu kwa mazoezi ya viungo, alimkuta mgonjwa amelala kifudifudi juu ya kitanda kilichoinuliwa mbele, mgongo umepinda nyuma. Akashtuka, kumbe maumivu ya mguu yametoweka! Akayafundisha mazoezi hayo, ingawa hayamfai kila mtu. Mwaka 1999 uchunguzi wa Uholanzi ulionyesha kwamba kulala majuma mawili hakuponyi kupita kungoja tu. Basi mgonjwa atembee kadiri awezavyo. Bali mkojo ukizuiwa, au mapaja yakifa ganzi kwa ndani, tumpeleke hospitali siku ile ile.