Busia: Mji Uliopangwa na Mpaka

Busia haikupangwa na mtaalamu wa miji. Ilipangwa na mpaka wa Kenya na Uganda, na waliouchora mpaka huo hawakuwa na mji wowote akilini.

Mwaka 1902 Waingereza walikata upande wa mashariki wa Uganda wakaukabidhi kwa himaya jirani, ile iliyokuja kuitwa Kenya. Amri ya mwaka 1926 ikaeleza mpaka kwa undani: unatoka Ziwa Victoria mto Sio unapoingia, unaufuata mto huo, unashika mto Sango, kisha unakata nchi kavu kwa nguzo hadi mito ya Alupe na Malaba. Wasamia na Iteso wakajikuta wamegawanywa. Hata hivyo, kwa miaka mingi hilo halikumzuia mtu kujenga alipotaka, maana bwana alikuwa mmoja ng'ambo zote mbili.

Tororo, iliyo mwendo mfupi tu kaskazini, ilizaliwa kwa njia nyingine kabisa. Reli kutoka Nakuru na Eldoret iliingilia Malaba, si Busia, ikaifanya Tororo makutano: tawi moja kuelekea Mbale na Soroti, njia kuu kuelekea Kampala, ilikofika mwaka 1931. Panapofika reli hufika mpimaji. Miji ya namna hiyo ilipangwa kwa rangi ya ngozi: nyumba za Wazungu kwenye nafasi na vivuli, maduka ya Wahindi barabarani, na Mwafrika akihesabiwa kuwa kibarua ambaye siku moja atarudi kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kikaja kiwanda cha saruji, kikitumia mawe ya chokaa ya palepale. Mpango ule ulikuwa wa ubaguzi, lakini uliacha barabara pana na mipaka ya viwanja inayoeleweka. Busia haikuachiwa hata hayo.

Busia yenyewe ilianza kukua kwa kasi baada ya uhuru, mpaka ulipogeuka kuwa mpaka kweli. Vituo vya forodha vilikaa mbalimbali, na vijana wa baiskeli wakawa wanawavusha abiria kutoka kimoja hadi kingine. Boda boda za Afrika Mashariki nzima zina asili yake hapa. Miaka ya 1970 uchumi wa Uganda ulipoanguka chini ya Idi Amin, magendo yakashamiri. Kahawa ilitoka, sabuni na chumvi zikaingia. Mwaka 1976 Amin alidai sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na Desemba 1987 wanajeshi wa nchi hizi mbili wakarushiana risasi papo hapo Busia. Mji haukuacha kukua. Mpaka wenye matatizo una kazi nyingi: wapagazi, mawakala wa forodha, wabadilisha fedha, madereva wanaosubiri karatasi, watu wenye ulemavu wanaovusha mizigo kwa baiskeli zao za magurudumu matatu. Wote hao wanahitaji pa kulala, tena karibu na geti.

Ndiyo maana vyumba vimesongamana pale penye mstari, katika mitaa kama Sofia upande wa Uganda na Marachi upande wa Kenya. Kodi hapa haifuati ubora wa nyumba, hufuata hatua zilizobaki kufika ng'ambo. Chumba cha mabati kilicho karibu na njia ya panya kinaweza kumfaa mchuuzi kuliko nyumba ya tofali iliyo mbali, kwa sababu nauli ya kila siku ingemla faida yote. Mpangaji wa mji anayetaka kusafisha ukanda huo kwa kalamu anafuta pia mshahara wa watu.

Lakini geti peke yake halielezi kila kitu. Kenya, kwa sheria ya mwaka 1968, iliendelea kupima ardhi ya jamii na kuigawa kwa hati za mtu mmoja mmoja. Uganda ilikwenda kinyume: amri ya Amin ya mwaka 1975 ilifanya ardhi yote kuwa ya serikali, na mwenye shamba la mababu akabaki kama mtu anayevumiliwa tu. Katiba ya mwaka 1995 ndiyo iliyorudisha ardhi kwa raia na kuitambua milki ya kimila, Sheria ya Ardhi ya 1998 ikafuata. Hesabu miaka hiyo: ishirini, ile ile ambayo Busia ilipanuka. Mimi naona hapo ndipo penye chanzo cha safu nyingi za vyumba vya udongo na mabati. Nani atazika pesa kwenye msingi wa saruji, hata ikiwa ya Tororo, juu ya ardhi isiyo yake?

Mwaka 1997 Busia ya upande wa Uganda ilitengwa na Tororo ikawa wilaya. Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 ikatangaza Uganda nzima kuwa eneo la mipango, kwa hiyo hata kibanda cha Buhehe, kata ya Wasamia nje ya manispaa, kinahitaji kibali kama ghorofa la Kampala. Huko mambo huenda kwa namna yake. Shamba la mihogo linakatwa viwanja vya futi 50 kwa 100, makubaliano yanaandikwa mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, mashahidi wanatia sahihi, basi. Mnunuzi ni mtu aliyeshindwa na kodi ya mjini. Njia ya kupita huachwa kwa hisani ya muuzaji, wakati mwingine yatosha pikipiki tu. Kibali kina gharama ya mchoro na safari za ofisini. Kwa mwenye fedha za kiwanja tu, sheria hiyo haishushi bei ya nyumba hata shilingi moja.

Kuna jambo jingine ambalo wapangaji wa miji wa pande zote mbili hulikwepa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu asiye raia kupanga ardhi kwa miaka isiyozidi 99, na Uganda nayo ina kikomo hicho hicho. Kwa hiyo mjomba wa Buhehe anaweza kumwonyesha mpwa wake wa Funyula, ng'ambo ya Kenya, mahali pa kujenga, na ukoo mzima ukakubali, ila mbele ya sheria mpwa huyo, akiwa raia wa Kenya pekee, ni mgeni mwenye mkataba, sawa na mwekezaji aliyetua Entebbe jana.